Wekundu wa Mizizini

Maharage yameanza kutoa maua, na wiki hii nawaomba mfanye jambo moja. Chagueni shina moja, mlichimbue taratibu kwa jembe badala ya kuling'oa, kisha msuuze mizizi yake. Mtaona vinundu vidogo, vingine kama punje ya mtama. Wengi hudhani ni ugonjwa. Pasueni kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, kazi bado haijaanza au imekwisha.

Wekundu ule unatokana na protini iliyo ndugu na ile inayoifanya damu yetu iwe nyekundu. Nikiuona hunyamaza kwanza. Mle ndani wanaishi bakteria waitwao rizobia. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, ila mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Unaweza kufa kwa kuikosa huku umezungukwa nayo. Bakteria hawa huigeuza ikawa chakula cha mmea, nao mmea huwalisha sukari uliyoitengeneza kwa nguvu ya jua. Viwanda vya mbolea hufanya kazi hiyohiyo kwa joto la nyuzi 400 na zaidi na kwa mgandamizo mkubwa mno. Rizobia huifanya katika udongo wa baridi wa hapa kwetu Lushoto, bila moshi.

Wakulima wa kale walijua kwamba nafaka hustawi pale palipotoka jamii ya kunde. Sababu yake ilikuja kujulikana mwaka 1886, pale Mjerumani Hermann Hellriegel alipoonyesha kazi ya vinundu. Na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe. Maana yake, vizazi kwa vizazi watu waliomba riziki, wakala, wakashukuru, wala hawakumjua aliyetumwa kuwaletea. Hilo hunitia nguvu sana ninapoomba na sioni kitu. Baba hakungoja tumjue mtumishi wake ndipo amtume.

Walawi 25 inaagiza ardhi ipumzike mwaka wa saba. Tumezoea kuisoma kama sheria ya Waisraeli peke yao. Mimi naisikia pia sauti ya Yule anayewajua wote waliomo udongoni.

Nasi tunawatendea nini? Tunang'oa maharage na mizizi yake, tunayapura nyumbani, kisha mabaki tunayachoma uani. Punje tunazokula zimekwisha kuchukua sehemu kubwa ya naitrojeni. Fungu la shamba ni lile lililobaki kwenye majani, mashina na mizizi, na ndilo tunalolitia moto. Tena tukimwaga urea nyingi kwenye maharage, mmea hushiba naitrojeni ya mfukoni na kutengeneza vinundu vichache. Simlaumu mama mwenye eka moja aliyekopa ili anunue mbolea ya mahindi yake. Watoto lazima wale. Ninachokipinga ni kiberiti.

Kwa hiyo shamba la kanisa halitachomwa mwaka huu. Wazee wamekubali: maharage yatakatwa usawa wa ardhi, mizizi ibaki palepale, na maganda yakishapurwa yarudishwe shambani. Siku ya kuvuna, kila mwenye mundu aje nao.