Mtaro Upi, Mama?

Wajukuu zangu, sogeeni hapa barazani. Na wewe mwenye simu, iweke chini kwanza. Asubuhi nimewasikia mkilalama kwamba Tandale hatuthaminiwi, kifusi kimekaa mtaroni wiki nzima na serikali imelala. Nikauliza ni nani kaenda kusema. Mkatazamana.

Mimi nilishakwenda, enzi hizo nikiwa na nguvu, tena kwa hasira. Nilifika ofisi ya kata jasho likinitoka, nikamwambia kijana wa mezani mtaro umeziba, mvua ikinyesha tumekwisha. Akaniuliza, "Mtaro upi, mama?" Nikamjibu, "Ule wa kwetu." Akatabasamu. Nikaona ananidharau, nikamtolea maneno nisiyoweza kuyarudia mbele yenu, nikarudi nyumbani. Mtaro ukabaki vilevile. Ilinichukua muda kukubali kwamba kijana yule aliuliza swali la haki. Kata yetu ina mitaa sita: Kwa Tumbo, Pakacha, Mkunduge, Muhalitani, Mtogole na Sokoni. Kote kuna mtaro uliojaa, na kila mwenye nao anauita wa kwetu.

Agosti 2011 walikuja wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, wakachanganyika na vijana wetu, wakapita vichochoroni na vifaa vya GPS mkononi. Wakaandika vyoo, mabomba ya maji, zahanati, hata mahali tunapotupa taka. Kazi ile iliitwa Ramani Tandale, ikaingizwa kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote duniani huifungua bure. Mimi nilicheka: jalala linatafutiwa nini kwenye ramani? Desemba ya mwaka huohuo Dar ikapata mafuriko, na baadhi ya watu wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Hapo kicheko kikaniisha. Gari la kusaidia haliwezi kufika mahali pasipo na jina.

Kwa hiyo mkienda kusema, semeni mahali. Mtaa gani, kwa mjumbe gani, nyuma ya msikiti upi, hatua ngapi kabla ya kufika Mto Ng'ombe. Ni matofali au viroba vya taka? Uchafu huo umemwagwa lini? Maji yameanza kurudi uani au bado? Piga picha inayoonyesha na nyumba ya jirani, isiwe taka tupu, maana taka zote zinafanana. Anza kwa mjumbe, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kwa mtendaji wa kata na bwana afya. Andika barua, hata ya mistari mitano, na nakala yako igongwe muhuri. Ukirudi baada ya wiki mbili bila ile karatasi utaanza hadithi upya, tena kwa mtu mgeni, maana yule wa kwanza keshahamishwa. Ada ya taka nayo lipeni, mdai risiti. Gari lisipokuja, mtakuwa na cha kuweka mezani.

Kuna jambo jingine, nalo linaniuma zaidi. Unampa kijana wa guta kiroba chako, unamlipa, huulizi anakwenda kumwaga wapi. Mto Ng'ombe ndio unaojua. Mvua ikianza usiku, mwingine anatapisha choo chake mtaroni, asubuhi ndiye wa kwanza kuziba pua. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka, Kinondoni ilitajwa mwanzo kabisa na Tandale yetu imo. Desemba 9 mwaka ule Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, akaenda kushika ufagio Feri, nasi tukatoka na mafagio yetu. Nilifurahi sana siku ile. Ila fungu la taka lisilobebwa, mvua moja tu hulirudisha mtaroni.

Na msikimbilie kumshtaki jirani kwa sababu mligombania kamba ya kuanikia nguo. Mjumbe anayajua hayo, ataacha kuwasikiliza hata siku mtakayosema kweli.

Haya, mwenye simu, ichukue sasa. Kile kifusi kiko nyuma ya kibanda cha mkaa, upande wa mtaroni. Kapige picha kabla ya magharibi, ila mwenye kibanda asionekane. Hana kosa, na jana alinikopesha mkaa.