Sauti na Sikio

Ufikapo Agosti, vyuo vikuu vya Johannesburg huandaa warsha na mihadhara ya wanawake. Mada hujirudia: kujiamini, uongozi, kupaza sauti. Yamo mema mengi humo, lakini limo pia swali la kimaadili. Tunapomfundisha mwanamke kusema, je, hatudokezi kwamba kosa ni ukimya wake?

Mwezi huo hukumbusha tarehe 9 Agosti 1956, wanawake wapatao 20,000 walipokwenda Pretoria kupinga kulazimishwa kubeba pasi, mithili ya kipande cha Kenya ya mkoloni. Lilian Ngoyi na wenzake walipeleka maelfu ya hati zilizotiwa saini. Waziri Mkuu Strijdom hakutokea kuwapokea. Umati ukasimama kimya nusu saa, kisha ukaimba. Hawakukosa sauti, walikosa sikio. Sheria za pasi zilidumu hadi 1986.

Hata hivyo, safari ile ilianzia ukumbini: Shirikisho la Wanawake wa Afrika Kusini liliasisiwa Johannesburg, Aprili 1954. Wanawake wakutanapo peke yao, kila mmoja hugundua kwamba dhuluma aliyoidhani mkosi wake ni ya wengi.

Basi warsha zisifutwe. Ziongezewe nyingine, waalikwa wake wawe maprofesa, wakuu wa idara na wasimamizi wa mabweni, na mada yake iwe moja: kusikiliza. Haki ya kusema haijatimia maadamu hakuna aliyebebeshwa wajibu wa kujibu.