Mfuko Uliobaki Nyuma ya Mlango

Somo: Warumi 13:5, Mathayo 25:1–13



Jumamosi moja nilisimama kwa kibanda cha mama mmoja hapa sokoni Kakamega. Nilikuwa nimenunua nyanya, vitunguu, sukuma wiki na omena kidogo. Mkononi sina kitu ila funguo za gari. Nikamwambia, "Mama, niwekee kwa juala." Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, halafu akaingiza mkono chini ya gunia na kutoa moja, ile nyepesi inayoonyesha mpaka ndani. Akasema kwa sauti ya chini, "Pasta, ficha vizuri. Wewe utaenda na gari. Ni mimi nabaki hapa na askari."

Niliendesha mpaka Lurambi bila kuwasha redio.

Sheria sote tunaijua. Ilitangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali Februari 2017, tukapewa miezi sita, na ikaanza kazi tarehe 28 Agosti 2017. Faini ni shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au jela mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili. Inamgusa anayetengeneza, anayeingiza nchini na anayetumia. Lakini tuseme ukweli: askari akija sokoni hatafuti pasta mwenye gari. Anatafuta mama aliyekaa chini na gunia lake. Kwa hiyo mimi nilisahau mfuko nyumbani, na yeye akabeba hatari yangu ili asipoteze mteja.

Sasa swali ndilo hili: kusahau mfuko ni dhambi?

Najua kuna mpendwa atasema, "Pasta, kuna ufisadi, kuna uasherati, kuna ndoa zinavunjika. Kweli leo tunahubiriwa mifuko?" Ni swali la haki, na mimi sitasimama madhabahuni kumhukumu mtu kwa sababu ya mfuko. Kusahau ni kwa binadamu. Lakini tulipokuwa tukisomea biashara chuoni, kuna jambo moja nilijifunza ambalo halijanitoka: gharama haipotei, inahama tu. Usipoilipa wewe, kuna mtu anailipa. Kusahau kwangu kulilipwa na yule mama. Juala nikiitupa, italipwa na jirani ambaye mtaro wake utaziba mvua ikinyesha, au na mwenye ng'ombe atakayemchinja akute plastiki tumboni. Dhambi au si dhambi, huwezi kusema unampenda jirani huku kila wiki unamwachia bili yako.

Wengine hapa mnajisifu moyoni: "Mimi situmii juala, nanunua ule mfuko wa kitambaa kwa supamaketi." Subiri kidogo. Mke wangu alifungua gunia lililo nyuma ya mlango wa jikoni akahesabu hiyo mifuko. Ilikuwa 31. Mingi ya mifuko tunayoiita ya kitambaa ni plastiki pia, imetengenezwa tu ifanane na kitambaa. Mfuko wa kutumika mara nyingi ukitumika mara moja ni juala nene, basi. Kila nikifika kwa keshia bila mfuko nilikuwa nalipa shilingi kidogo, natoka nikijiona mwenye haki. Ilikuwa kama kununua ruhusa ya kutobadilika.

Hapo ndipo niliwakumbuka wale wanawali kumi. Najua mfano ule unahusu kurudi kwa Bwana, si mambo ya soko. Lakini angalia wale watano wapumbavu. Hawakumchukia bwana arusi. Taa walikuwa nazo. Walikosa maandalizi, wakadhani wakati ukifika kutakuwa na mtu wa kumwomba. Mimi pia mifuko nilikuwa nayo, 31, na nilidhani mama atanipa.

Paulo anatuambia tutii kwa sababu mbili: hofu ya adhabu, na dhamiri. Hofu inafanya kazi askari akiwa karibu tu. Akigeuka, mkono unaingia chini ya gunia. Dhamiri ndiyo inaenda na wewe sokoni hata kama hakuna anayekuona. Lakini dhamiri nayo inahitaji kusaidiwa na mazoea, maana moyo unaweza kutaka na mkono ukasahau.

Nyanya zetu walienda sokoni na kikapu, na hakuna sheria iliyowalazimisha. Si kwamba walikuwa watakatifu kutuliko. Kwao kwenda sokoni na kubeba kikapu lilikuwa jambo moja. Sisi nasi tuna mazoea kama hayo: Jumapili ni nani hapa husahau Biblia? Haisahauliki kwa sababu ina mahali pake. Basi mfuko pia upewe mahali pake.

Wiki hii tujaribu hivi. Tundika mfuko mmoja mlangoni pamoja na funguo. Mwingine ukunje uuweke kwa pochi, kwa gari, au chini ya kiti cha pikipiki kama wewe ni wa boda boda. Ukishatoa vitu jikoni, urudishe mfuko saa hiyo hiyo, usingoje kesho. Wa nyama na samaki uwe wake peke yake, na uoshwe. Na siku utakayosahau, kwa maana utasahau, nunua kile mikono yako inaweza kubeba, au rudi nyumbani uuchukue. Ulipe gharama yako mwenyewe. Usimwombe mama akutolee juala iliyofichwa.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa kibanda kile na kikapu. Nikamwomba yule mama msamaha. Alicheka kwanza, akadhani natania. Alipoona sicheki, akanyamaza, akapanga nyanya zangu polepole, vitunguu chini, nyanya juu. Akasema, "Nimekusamehe, Pasta. Lakini uwaambie na wengine. Si wewe peke yako."

Ndiyo nimewaambia.

Bwana atupe dhamiri inayoamka mapema, na mikono inayoitii. Amina.