Nani Kasema Ndiye Muuaji?

Ndani ya Sura Yusuf mna kesi nzima ya upelelezi katika aya chache. Mke wa mkubwa mmoja wa Misri anamtuhumu kijana wa nyumbani mwake kwamba alitaka kumvunjia heshima. Hakuna aliyeona. Ni neno la bibi mwenye nyumba na neno la mtumwa, na kila aliyeishi duniani anajua lipi husikilizwa. Ndipo anapojitokeza mtu, tena jamaa wa yule bibi mwenyewe, akasema iangaliwe kanzu. Ikiwa imechanika mbele, bibi kasema kweli. Ikiwa imechanika nyuma, kijana alikuwa akikimbia. Kanzu ikakutwa imechanika nyuma. Na Yusuf akafungwa vilevile! Wakubwa waliziona dalili, wakazielewa, kisha wakaona heri atiwe gerezani kwa muda. Wafasiri wengi husema ni kwa kutaka kuyazima maneno ya mjini.

Wakatoliki nao wana kesi yao katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli, sura ambayo Waprotestanti hawaihesabu katika Biblia yao. Wazee wawili, mahakimu wa watu, wanamsingizia Susana kwamba wamemfumania bustanini na kijana. Hukumu ya kifo imeshatoka. Danieli anaomba wale wazee watenganishwe, kila mmoja aulizwe peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Huyu akataja mti huu, yule akataja mwingine. Waliokuja kuua kwa ulimi wakauawa wao.

Msomaji aliyezoea riwaya za upelelezi ataona kitu katika visa hivi. Hakuna mwenye haraka ya kumsaka mhalifu. Akili yote inatumika kumwokoa mtu aliyekwisha kunyooshewa kidole. Sasa, uandishi wa uhalifu tulio nao, wa vitabuni na wa magazetini, unamtumikia nani? Anayetafuta haki, au anayetafuta jina la kulilaani?

Kwa Kiswahili ni lazima kuanzia Zanzibar. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia katika kazi ya magazeti. Hadithi yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957-58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Shujaa wake, Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, ana undugu wa wazi na Sherlock Holmes, na wahakiki hawajachoka kulisema hilo. Wanachokisahau mara nyingi ni kwamba Msa ana kazi ambayo Holmes wa London hakuwa nayo kwa kiasi hicho. Maiti imekutwa mzimuni, mahali pa kuogopwa, na jibu limeshapatikana kabla swali halijaulizwa. Bwana Msa analikataa. Anataka kujua nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani atafaidika. Mwaka 1968 Abdulla akatoa *Kisima cha Giningi*, na Giningi, kwa masimulizi ya Visiwani, ni mji wa wachawi.

Mtu anaweza kuona hizo ni burudani tu za kusomea barazani. Aende Shinyanga au Mwanza. Huko vikongwe wameuawa miaka nenda miaka rudi kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi. Macho hayo yameiva kwa moshi: bibi amepikia kuni na samadi kavu ya ng'ombe, kibandani, maisha yake yote. Mtoto wa jirani anaugua, anafariki, ramli inapigwa, jina linatajwa, panga linanolewa. Kwa watu hao kesi imekamilika. Marehemu yupo, mtaalamu yupo, mkosaji kapatikana. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kikongwe huyu anapikia nini.

Upelelezi wenyewe, hata hivyo, una mushkeli mbele ya dini. Aya ya 12 ya Sura Al-Hujurat inakataza mambo matatu kwa mkupuo: kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana. Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar alisikia sauti nyumbani kwa mtu usiku, akaparamia ukuta, akamkuta mwenye nyumba na ulevi wake. Yule bwana hakutishika. Akamwambia, mimi nimekosa moja, wewe umekosa matatu: umepeleleza, hukuingia kwa mlangoni, na hukupiga hodi wala kutoa salamu. Umar akamwacha. Fikiria ujasiri wa raia huyo, na fikiria zaidi mtawala aliyekubali kushindwa hoja na mlevi.

Wanazuoni waliweka mpaka. Al-Mawardi, katika karne ya 11, alieleza kwamba msimamizi wa hisba (kazi ya kuamrisha mema na kukataza maovu) hana ruhusa ya kuchungulia nyumba za watu kusaka dhambi zao, lakini akiletewa habari na mtu mwaminifu kwamba fulani kajifungia na mwenzake ili amuue, hapo afuatilie, maana roho ikishatoka hairudi. Kwa kipimo hicho Bwana Msa amesalimika. Magazeti ya udaku yanayochapa nani kaonekana gesti na nani, hayo bado.

Kuna mwandishi aliyetoka kwenye karatasi akaingia kwenye kesi ya kweli, naye ni babu yao wote, Arthur Conan Doyle, aliyemtunga Holmes. Mwaka 1903, huko Great Wyrley katika jimbo la Staffordshire, farasi na ng'ombe walikuwa wakipasuliwa matumbo usiku. Polisi walimkamata George Edalji, wakili kijana ambaye baba yake, Mparsi wa Bombay, alikuwa kasisi wa parokia hiyohiyo. Rangi ya familia ilikwisha kuwaletea barua za matusi kwa miaka mingi. Baba alitoa ushahidi kwamba mwanawe alilala naye chumba kimoja, mlango umefungwa kwa ufunguo. Haikusaidia. Alihukumiwa miaka 7, akatumikia 3, akaachiliwa mwaka 1906 bila kuelezwa sababu, jina halijasafishwa wala hana kazi.

Doyle alipanga kukutana naye hotelini London. Alipofika alimkuta Edalji anasoma gazeti, amelisogeza karibu na uso na kuliinamisha pembeni. Doyle alikuwa daktari aliyesomea macho, alijua anachokiona. Mtu huyu, usiku wa giza, angevukaje reli, mifereji na nyua za miti hadi kwa mnyama, ampasue, arudi asionekane? Hata nywele za farasi zilizokutwa kwenye koti la Edalji zilikuwa na maelezo: polisi walikuwa wamekata kipande cha ngozi ya mnyama, na Doyle alidai kilichanganywa na koti. Januari 1907 akayaandika yote katika Daily Telegraph. Mei Edalji akasamehewa, ila kwa masharti ya ajabu: kosa la wanyama limefutwa, lakini baadhi ya barua chafu kaziandika mwenyewe, kwa hiyo fidia hapati. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuunda Mahakama ya Rufaa ya Jinai. Kesi ya Edalji ilikuwa miongoni mwa zilizosukuma jambo hilo, pamoja na ile ya Adolf Beck, aliyefungwa kwa kufananishwa na tapeli mwingine. Baadaye Doyle alimpigania pia Oscar Slater wa Glasgow, aliyekaa gerezani zaidi ya miaka 18, kisha hukumu yake ikafutwa mwaka 1928.

Watu wengi huishia hapo na kumpigia makofi mwandishi. Kuna kipande kinachofuata, nacho hakipendezi. Baada ya kumtoa Edalji, Doyle alitaka kumtaja mkosaji wa kweli. Akamchagua kijana mmoja wa sehemu ileile: aliwahi kujifunza kazi buchani, alisafiri na meli ya kubeba ng'ombe, tabia yake mbovu. Akapeleka madai serikalini, nayo ikaona hayana uzito. Ushahidi wake dhidi ya kijana huyo haukuwa imara kuliko ule wa polisi dhidi ya Edalji. Mtu aliyeona wazi jinsi wengine walivyodhani, alidhani.

Hilo halikutokana na uovu. Lilitokana na fani. Riwaya ya upelelezi haiwezi kufungwa bila jina, na aliyeandika hadithi za aina hiyo miaka ishirini hushindwa kuvumilia kesi isiyo na mwisho. Mahakama inavumilia. Hakimu anaweza kusema upande wa mashtaka umeshindwa kuthibitisha, mshtakiwa aende nyumbani kwake, na haki ikawa imetendeka ingawa hakuna anayejua nani aliua. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla haijathibitika. Ni maneno mazito, na mtaani kelele ya "mwizi!" huyafuta kwa dakika moja.

Riwaya zetu za miaka ya 1970 na 1980 hazikumpa hakimu nafasi kubwa. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa walikonga nyoyo za vijana, na haki yao ilikaa zaidi mtutuni kuliko kizimbani. Ni riwaya tamu, hakuna ubishi. Ila zilizoesha vizazi kuamini kwamba shujaa hakosei mtu. Kenya ikapata sauti ya upande wa pili. John Kiriamiti, mnyang'anyi aliyehukumiwa miaka 20 mwaka 1971, aliandika akiwa gerezani *My Life in Crime*, kikatoka mwaka 1984 na kusomwa mno. Wapo waliolalamika kwamba kinaupamba ujambazi. Lakini kitabu hicho kipo kwa sababu mwandishi wake alifikishwa mahakamani. Angekamatwa na kundi lenye tairi na petroli, kusingekuwa na kitabu.

Waandishi wa Kiswahili wana deni la riwaya moja: ile ambayo mtuhumiwa anaachiwa katika ukurasa wa mwisho, muuaji hajulikani, na mpelelezi anakubali. Wahariri wao deni lao ni jepesi zaidi, linaweza kulipwa kesho asubuhi. Gazeti lililochapa picha ya mtuhumiwa ukurasa wa kwanza siku aliyokamatwa, lichape ya kuachiwa kwake ukurasa huohuo, kwa herufi zilezile.