Msiilazimishe Motere Inayokohoa

Wanangu mnaoshika motere kwenye mitumbwi ya kuvukia Lubunga, na ninyi mnaoteremka na baleniere za mbao hadi Yangambi na Isangi, nina neno nanyi. Motere nyingi mnazoendesha zimewazidi umri. Ni Yamaha za nguvu za farasi 15, 25 au 40, zile za mipigo miwili, za kuchanganyiwa oili. Zimepita mikono mingi kabla ya kufika kwenu. Sizidharau hata kidogo, maana zimeulisha mji huu, na zimedumu kwa kuwa fundi yeyote wa Kisangani anaweza kuzifungua na kuzifunga. Lakini uzee wao mara nyingi huanzia kwenye njia ya mafuta, na hapo ndipo ninapowaona mkifanya mambo ya kunitia hofu.

Kuna jambo moja ambalo lazima mlielewe kabla ya kugusa hata spana. Oili ya motere hii haikai peke yake kama ya gari. Inakuja ndani ya esanse. Kwa nyingi za aina hii kipimo ni sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za esanse, yaani mililita 400 katika bidoni la lita 20. Basi esanse ikipungua njiani, oili nayo imepungua. Motere hukohoa, hupandisha sauti ghafla, kisha hulegea. Na kijana, badala ya kupunguza mwendo, huongeza. Pistoni inapanda na kushuka karibu kavu, inapata moto kupita kiasi, inanata kwenye silinda. Kilichokuwa tatizo la mpira uliopasuka sasa ni pistoni, ringi na pengine silinda nzima. Motere ikikohoa, punguza mwendo, sogea ukingoni, zima, ndipo utafute.

Na kutafuta kuanzie mafuta yanakotoka. Kizibo cha tangi kina skrubu ndogo ya kuingizia hewa. Ikifungwa, motere itawaka vizuri, itaondoka vizuri, halafu itazima mkiwa katikati ya mto, kwa sababu tangi linanyonywa na hewa haiingii kujaza nafasi. Wakati mwingine hata hakuna aliyeifunga: ni gunia la makaa tu limekalishwa juu ya kizibo. Wenye kutumia bidoni la kawaida, hakikisheni tundu la hewa lipo na liko wazi.

Kisha shika ile pampu ya mkono iliyo katikati ya mpira wa mafuta. Kiganja chako kitakuambia mengi. Ikiwa imebonyea na haiinuki, mafuta hayaji kutoka nyuma: ama hewa ya tangi imefungwa, ama uchafu umeziba bomba la kunyonyea. Ikiwa unaminya na kuminya na haiwi ngumu, huenda hewa inaingia mahali, aghalabu kwenye viungio, pale pete ndogo ya mpira ilipokauka na kupasuka. Au valvu za pampu hiyo zimechoka. Tazameni pia mshale uliochorwa juu yake. Lazima uelekee kwenye motere.

Lakini ikiwa motere inalegea kila ikienda mbio, na inaamka ukiminya kwa mkono, basi mara nyingi mwenye kosa ni pampu ya mafuta iliyo kwenye motere yenyewe. Ndani yake kuna utando mwembamba unaochezeshwa na msukumo wa hewa ya ndani ya injini. Ukikakamaa au ukitoboka, hauvuti tena vya kutosha. Hapa nina ugomvi nanyi. Badala ya kubadilisha utando, mnamweka mtoto kando ya motere aminye pampu kutoka hapa hadi Yangambi, karibu kilomita 100. Mtoto huyo huchoka, husinzia, anavuta moshi safari nzima, na kila anapopumzisha mkono motere inakula kavu. Hiyo si kazi ya mtoto, wala si matengenezo.

Esanse yenyewe nayo iangaliwe. Kadhafi, wale wauza esanse wa barabarani, siwalaumu. Bila wao tungepiga kasia. Ila mafuta yao yamepita mabidoni mengi na mvua nyingi. Mimina kidogo kwenye chupa nyeupe ya plastiki uiache itulie. Maji ni mazito kuliko esanse, yatashuka chini na utayaona kwa macho. Mafuta ya namna hiyo yaache yatulie, yahamishe polepole, na kile cha chini usikimimine. Na yule anayekata chujio na kuunganisha mpira moja kwa moja, eti linachelewesha mafuta, ajue kwamba uchafu uliokuwa ukikwama kwenye chujio sasa unakwenda kukwama kwenye jeti ya kabureta.

Kabureta ifunguliwe mwisho. Wengi wenu mnaanza nayo kwa sababu kuifungua kunaonekana ufundi. Kwanza toa buji. Ukivuta kamba mara kadhaa na buji ikatoka kavu, mafuta hayafiki. Ikitoka imelowa, mafuta yamefika. Tafuta kwanza kwenye moto wa umeme. Ukivuta choki kidogo motere ikapata nguvu, ina njaa ya esanse. Ukilazimika kufungua, safisha jeti kwa esanse safi na hewa ya pampu. Usiichokoe jeti kwa waya. Tundu lile lilipimwa kiwandani, na waya ukishalipanua huna tena jeti.

Haya yote yafanyeni ukingoni, mbali na moto. Mnajua jinsi majiko yanavyowaka ndani ya baleniere huku mabidoni yamepangwa nyuma. Aprili 2025 karibu na Mbandaka, HB Kongolo, chombo cha mbao chenye motere, kiliteketea baada ya moto kuanzia kwa mtu aliyekuwa akipika ndani yake. Zaidi ya watu 140 walikufa. Esanse iliyomwagika sakafuni wakati wa kuchokoa kabureta inangoja kaa moja tu.

Mtaniambia kwamba kutoka Kisangani hadi Kinshasa, kilomita zipatazo 1,700, hakuna maporomoko, kwa hiyo motere ikizima unaelea tu. Kuelea usiku kati ya majahazi, magogo na magugu-maji ya Kongo ya sika si salama. Na ndugu zenu wa Ubundu, ambako maporomoko ya Boyoma yanaanzia, hawana hata nafasi hiyo. Kasia mbili na upondo viwemo chomboni kila safari, hata motere ikiwa mpya.

Kesho asubuhi, kabla hamjapakia, kagueni kizibo, viungio na chujio. Mwenye chombo akikuambia uondoke hivyo hivyo kwa kuwa abiria wameshalipa, mkatalie. Wale waliokaa mbele yako na watoto wao hawajui lolote kuhusu pampu wala jeti. Wamekuamini wewe.