Arbuni ya Msafiri ni Haki ya Nani?

Katika darsa yetu ya usiku wa kuamkia Ijumaa lililetwa suala ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, walakin tulipolitazama tuliliona lina mizizi mirefu. Twapenda kulieleza hapa kama lilivyokuwa, pamoja na makosa yetu wenyewe ndani yake, kwani huenda likamfaa mwengine aliye karibu kufunga safari.

Jamaa mmoja wa mji huu alikuwa akijitayarisha kumpeleka mamake Mumbai, huko Bara Hindi, kwa matibabu, kama wafanyavyo wengi katika watu wa pwani yetu. Karibu na hospitali iko nyumba ndogo ya wageni ambayo mwenyewe hapokei kadi ya benki wala hundi, ila pesa mkononi tu. Mtu huyo alitaka atangulizwe ijara ya siku mbili katika siku kumi, yaani rupia 3,000, ndipo aweke chumba. Jamaa yetu alimtumia fedha hizo bwana mmoja wa mji wetu aliyekuwako huko kwa shughuli zake, naye akazifikisha. Jina likaandikwa katika daftari. Hati haikutakwa wala haikutolewa, na hapana aliyeuliza, "Je, tusipokuja itakuwaje?"

Kisha hospitali ikaahirisha matibabu kwa majuma matatu. Jamaa yetu alipeleka habari siku tisa kabla ya siku ya kufika, akataka fedha zake zirudishwe. Mwenye nyumba akakataa. Basi suala likawa hili: Je, rupia zile ni halali kwake, au amekula mali ya mtu kwa batili?

Kabla hatujafungua midomo yetu, darsa ilikuwa imekwisha kutoa hukumu. Mmoja alisema, "Huo ni wizi mtupu." Mwengine alisema kuwa watu wa namna ile ndivyo walivyo, hawamwoni mgeni ila ni mfuko unaotembea. Na sisi, twakiri, nyoyo zetu zilielekea huko huko.

Walakin tulianza na jambo lenyewe. Fedha inayotangulizwa ili mtu awekewe kitu huitwa arbuni, na neno hili tumelipata kwa Waarabu pamoja na hukumu zake. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu yake tangu zamani. Iko Hadithi ya kukataza biashara ya arbuni, waliyoipokea Imam Malik katika Muwatta na Abu Daud katika Sunan yake. Kwa sababu hiyo wanavyuoni walio wengi, na madhehebu yetu ya Shafii ni miongoni mwao, wameikataza. Wamesema kuwa ndani yake mna gharari, na kuwa muuzaji hupata mali pasina kutoa badala yoyote. Ama Imam Ahmad bin Hanbal aliiona Hadithi ile kuwa dhaifu kwa isnadi yake, naye akaijuzisha arbuni. Hoja yake ni kisa cha Nafi bin Abdul-Harith, aliyenunua nyumba ya Safwan bin Umayya mjini Makka ili iwe jela, katika zama za Sayyidna Umar. Sharti lilikuwa kwamba Umar akiridhika biashara imepita, na asiporidhika Safwan atapewa 400.

Katika zama zetu hizi Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa lilikutana Bandar Seri Begawan, nchini Brunei, mwezi wa Juni mwaka 1993, likaitazama hitilafu hiyo. Lilikata shauri kuwa arbuni yajuzu iwapo muda wa kungojea umewekwa wazi. Mnunuzi akitimiza, huhesabiwa kuwa sehemu ya bei; akijitoa, ni ya muuzaji.

Hayo ni maneno ya wanavyuoni. Lakini mtu aweza kuzijua kauli zote na asijue fedha ile imelipwa kwa ajili ya kitu gani, na hapa ndipo penye uzito wa suala letu. Twaona kuwa mwenye nyumba anapoishika arbuni ya mtu asiyekuja, aweza kuishika kwa moja katika sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa amepata hasara: amefunga chumba, amewarudisha watu mlangoni, na usiku ule umepita bure. Usiku uliopita haurudi wala hauwekwi ghalani ukauzwa kesho. Ya pili ni kuwa fedha imekwisha kuingia mfukoni mwake naye haoni sababu ya kuitoa. Fedha ni ile ile, na daftari ni lile lile, bali baina ya mtu huyu na yule pana umbali mkubwa. Wa kwanza ameshika ujira wa kungoja. Wa pili, akiwa chumba amekipangisha kwa mwengine usiku ule ule, ameuza kitu kimoja mara mbili.

Mtu atasema, "Lakini sharti ni sharti, na Waislamu hushikamana na masharti yao." Ni kweli, nasi hatumvunjii mtu sharti lake. Lakini Mwenyezi Mungu ameamrisha uadilifu na ihsani pamoja. Uadilifu ni kumwachia mtu haki yake. Ihsani ni mwenye haki kutazama kama anaihitaji. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amemsifu mwenye kumfungulia mwenziwe biashara aliyoijutia, na akambashiria kusamehewa kuteleza kwake Siku ya Kiyama. Kumfungulia mtu ni hiyari; lau ingekuwa lazima isingekuwa na sifa.

Yako mengine katika malipo ya pesa mkononi yapasayo kufikiriwa. Mtu akilipa kwa benki, iko alama inayobaki, na pengine benki yaweza kuyafuatia malipo na kuyarudisha. Hata sisi hapa Kenya, tangu ilipokuja M-Pesa mwaka 2007, tumezoea kuona ujumbe katika simu zetu unaotaja jina, kiasi na saa. Bali noti ikitoka mkononi hainenei habari zake. Asiyekuwa na hati wala shahidi hana ila neno lake.

Na noti yenyewe ni nini ila neno? Noti za Bara Hindi zimeandikwa ahadi ya Gavana wa Benki Kuu ya kumlipa mwenye kuichukua. Usiku wa tarehe 8 Novemba mwaka 2016 serikali ya huko ilitangaza kuwa noti za rupia 500 na 1,000 hazitakuwa fedha halali kuanzia saa sita ya usiku ule ule. Watu walilala na fedha wakaamka na makaratasi ya kupelekwa benki kubadilishwa, na safu zikawa ndefu. Basi asemaye, "Mimi siamini maneno, naamini pesa taslimu," hajui alichokishika. Ameshika ahadi ya mtu mkubwa badala ya ahadi ya mtu mdogo.

Kwa hiyo hatukushangaa kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul-Baqara, ni ya kuandika madeni na kuweka mashahidi. Na aya inayoifuata yamtaja msafiri khasa: asipompata mwandishi, na iwe rihani mkononi, na wakiaminiana, basi aliyeaminiwa na atekeleze amana yake, wala ushahidi usifichwe. Tazama jinsi safari ilivyotajwa hapo. Nyumbani mtu hujulikana kwa babake, kwa jirani na kwa msikiti anaoswali. Ugenini hajulikani kwa lolote, na mahali pa kujulikana panashikwa na rihani. Mwenye nyumba wa Mumbai anapomwambia mtu wa Mombasa, "Tanguliza," hajamtukana. Amesema tu, "Mimi sikujui."

Na kwa nini asiyetujua atuogope? Hapa hatuna budi kujitaja wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda Cairo. Kabla ya kuondoka tuliomba kwa simu tuwekewe chumba katika nyumba ya wageni iliyo jirani na al-Azhar. Mzee mwenye nyumba hakututaka arbuni. Aliposikia kuwa tu watu wa elimu alisema neno letu latosha. Tulipofika uwanja wa ndege tulilakiwa na wanafunzi wa kwetu, wakatuchukua kwao, tukastarehe, na mzee yule hatukumkumbuka. Siku ya nne tulipita mlangoni pake tukaingia kumwamkia. Alituuliza jina letu, akanyamaza kidogo, kisha akasema kuwa usiku ule alimrudisha mtu na mkewe kwa ajili yetu. Tulitaka kumlipa, akakataa. Na hapana shaka kuwa mgeni aliyekuja baada yetu alitakiwa arbuni. Mgeni huyo hakutujua, bali alilipa deni letu.

Hii ndiyo aibu yetu, ndugu zetu. Tumelichukua neno tukufu la inshallah, ambalo ni adabu ya mja mbele ya Mola wake, tukalifanya mlango wa nyuma wa kutokea. Mtu akiitwa kazini husema inshallah, akidaiwa husema inshallah, na anayemsikia huelewa kuwa jambo halitakuwa. Tumrejee sasa jamaa yetu ili muone neno hili lilivyofanya kazi.

Majuma matatu yalipokwisha alisafiri na mamake. Tulikuwa tumemsihi asimwendee mwenye nyumba kwa ugomvi, bali amsikilize kwanza, kwani kadhi asikiaye upande mmoja hana hukumu. Akafanya hivyo. Mtu yule alimfungulia daftari. Habari ya kuahirishwa ilimfikia jioni ya siku ile ile waliyokuwa wangojewe. Usiku huo chumba kilikuwa kitupu, na wa pili pia; siku ya tatu akapata mpangaji. Siku mbili, rupia 3,000: kiasi kile kile cha arbuni, bila ya kuzidi wala kupungua.

Basi zile siku tisa zilikwenda wapi? Jamaa yetu hakumpigia simu mwenye nyumba; alimwambia bwana yule aliyezipeleka fedha, naye alijibu, "Nitamwambia, inshallah." Kisha shughuli zikamzonga. Wakili ni mtu wa amana na hadaiwi kilichopotea pasipo kosa lake, bali akizembea hudhamini. Alipoelezwa hakujitetea; alizilipa fedha zile siku ile ile, nasi twamshukuru. Mwenye nyumba hakuwapunguzia ijara hata rupia moja, wala hakupaswa.

Darsa iliyofuata ilikuwa kimya kidogo. Aliyesema wizi alimwomba Mwenyezi Mungu msamaha, nasi tukaomba pamoja naye, kwa kuwa tulimdhania ubaya mtu tusiyemjua, na mzembe alikuwa mtu wetu tunayemjua.

Basi jawabu yetu kwa muulizaji ni hii. Yampasa msafiri aulize kabla ya kutoa: fedha hii ni sehemu ya ijara, au ni ujira wa kungoja? Nikighairi hadi siku gani nitarudishiwa? Na ayaandike hayo, ijapokuwa ni mistari mitatu yenye tarehe, kiasi na saini, mbele ya mtu wa tatu. Asitoe zaidi ya anachoweza kukikosa. Asiweke chumba katika nyumba tatu huku akijua atalala katika moja. Akighairi, apeleke habari mwenyewe saa ile ile, asiitupe katika midomo ya watu. Ama mwenye nyumba, akiwa amepata hasara na sharti lilikuwa wazi, arbuni ni yake wala hapana wa kumlaumu. Akiwa hakupata hasara, sharti laweza kumlinda mbele ya watu. Na aurudishe moyo wake katika siku ambayo yeye mwenyewe atapenda kufunguliwa.

Na mwenye kupita Cairo katika nyinyi, akimwona mzee karibu na al-Azhar akitaka fedha kabla ya kutoa ufunguo, na ampe bila ya kununa. Huenda sisi ndio tuliomfunza.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu wa kauli moja, na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.