Hodi kwa Mwanao

Liko swali ambalo wazazi wa Kiislamu hapa kwetu Morogoro hulizungumza kwa sauti ya chini, baada ya sala ya Isha au wakiwa wamekaa msibani. Je, ni halali mzazi kuifungua simu ya mwanawe kwa siri na kusoma yaliyomo? Swali lenyewe laonekana dogo, lakini ndani yake mna mambo mawili mazito yanayovutana, na yote mawili ni ya dini. Kwanza, mzazi ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Pili, Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, amewakataza waumini kudhaniana vibaya na kupelelezana. Mzazi afuate lipi?

Wengi hujibu upesi kwamba katazo hilo lawahusu majirani, si mtoto. Mtoto ni wangu, simu nimenunua mimi, na bando naliweka mimi. Hoja hiyo ina nguvu, na hofu inayoizaa ni ya kweli. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na Interpol, ambao matokeo yake kwa Tanzania yalitolewa mwaka 2022, ulionyesha kuwa watoto 67 katika kila 100 wenye umri wa miaka 12 hadi 17 walikuwa wakitumia mtandao. Wapo kati yao waliorubuniwa kwa fedha au zawadi ili watume picha za miili yao. Mzazi anayesikia hayo akalala usingizi mzito ana moyo wa jiwe.

Hata hivyo, kabla ya kujibu, tuangalie nyuma kidogo. Katika milima hii ya Uluguru mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu yake. Msichana alipovunja ungo alikalishwa ndani, akawa mwali, na wanawake wakubwa wakamfunda mambo ya mwili, ya ndoa na ya heshima. Mvulana naye alikuwa na babu na mjomba wa kumwambia yale ambayo baba yake hakuthubutu kuyatamka. Kwa baba na mama kumweleza mtoto wao wa kuzaa mambo hayo ilikuwa aibu. Wala hapakuharibika kitu, maana wa kuyasema walikuwapo.

Leo mwali hakai ndani muda mrefu, kwa kuwa shule inamngoja. Vijana wengi wameshuka mjini kusoma, wakapanga vyumba, na bibi amebaki Kinole au Matombo. Mjomba yuko Dar es Salaam anatafuta riziki. Aibu ya wazazi imebaki palepale, lakini wale waliokuwa wakiisitiri aibu hiyo kwa kusema badala yao hawapo. Kiti kikawa kitupu, na simu ikakikalia. Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtoto anapofungua simu usiku, aghalabu hatafuti uovu. Anatafuta jibu la swali ambalo nyumbani hakuna wa kumwuliza.

Namfahamu baba mmoja aliyekuwa akisubiri binti yake alale, kisha anaifungua simu yake na kusoma kila kitu. Alijisifu kwangu kwamba kwa miezi mingi hakuona baya lolote. Baadaye ikajulikana kwamba binti aligundua tangu wiki za mwanzo, akawa anazungumza na watu wake kwa simu ya rafiki yake. Baba alikuwa akilinda nyumba ambayo mtoto alikwisha kuihama. Na alipotokea mtu aliyekuwa na picha zake akawa anamtishia, binti hakumwambia baba. Alikaa na hofu hiyo siku nyingi peke yake, mwisho akamweleza mwalimu wake wa madrasa, mama mtu mzima. Siwezi kumlaumu baba yule kwa kuwa na hofu. Lakini siri yake ilimfundisha binti kuficha, na siku ya shida binti akaficha.

Dini yetu haikuiacha nyumba bila mlango wa ndani. Katika Sura ya An-Nur, aya ya 58 na 59, watoto wanatakiwa kuomba ruhusa kabla ya kuingia kwa wakubwa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo kupumzika, na baada ya Isha. Wakibaleghe, waombe ruhusa kila wakati. Maana yake ni kwamba hata baina ya watu wa damu moja, chini ya paa moja, iko sitara. Amri hiyo ameelekezwa mtoto. Lakini atajifunzaje kubisha hodi ikiwa yeye mwenyewe hajawahi kubishiwa?

Nabii Ibrahim alipooteshwa kwamba anamchinja mwanawe, hakumvizia. Alimweleza, akamwuliza ana maoni gani. Habari hiyo imo katika Sura ya As-Saffat, aya ya 102. Na yule kijana aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akiomba ruhusa ya kuzini, kama alivyopokea Imam Ahmad, hakufukuzwa. Alisogezwa karibu, akaulizwa kama angependa jambo hilo atendewe mama yake, binti yake au dada yake. Lau angefukuzwa pale, angeondoka na swali lake akalipeleke kwingine.

Basi maoni yangu ni haya: mzazi ana haki ya kuingia, lakini aingie kwa hodi. Mtoto mdogo atumie simu ya mzazi, mbele ya watu, akijua kwamba itatazamwa. Aliyebaleghe, mpatane naye mapema: simu italala wapi usiku, nani ataitazama, na itazamwe yeye akiwapo. Zikionekana dalili za hatari, mtoto ameacha kula, anashtuka simu inapolia, au ana fedha zisizojulikana zilikotoka, ingia. Nyumba ikiungua hatubishi hodi. Lakini moto ukizimika, mwambie kwamba uliingia, na kwa nini.

Na kile kiti kitupu hapana budi kikaliwe na mtu. Mzazi akishindwa na aibu, amtafute shangazi, mama mdogo au mwalimu anayeaminika, amwambie mtoto waziwazi: huyu mwulize lolote, naye hataniletea maneno yako ila maisha yako yakiwa hatarini.

Kubisha hodi kuna uzito wake, kwa sababu huenda ukajibiwa kwamba usubiri. Mgeni akibisha mara tatu asiitikiwe, hurudi kwake. Mzazi hana pa kurudi. Yeye hukaa barazani akangoja, na kesho yake akabisha tena.